Samaki Anayetema

Bangwe, Kigoma
7 Desemba 1996

Mdogo wangu Melania,

Salamu za Bangwe. Kifua changu kimepona. Nyinyi hamjambo huko Mwamgongo, na mwanao Anatoli ameongezeka?

Japhet wa boti ameniambia kwamba unanyonyesha pia mtoto wa wakimbizi wa Zaire. Nakuandikia kama kaka. Anatoli alizaliwa kabla ya siku zake. Maziwa yako hayatoshi wawili.

Nikueleze kazi yangu ya sasa hapa kituo cha samaki. Kuna samaki jike ziwani anayeatamia mayai mdomoni. Akiwa anataga, samaki mwingine, ngogo wa madoadoa, hupita kasi na kuangusha mayai yake katikati. Jike hukusanya yote. Ya ngogo huanguliwa kwanza, na vitoto vyake hula vya mwenye mdomo humo humo. Jana nilifungua midomo arobaini. Miwili ilikuwa na ngogo watupu. Mama amebana mdomo wiki nzima, hali, analea asiowazaa.

Mpeleke huyo mtoto mapokezi ya wakimbizi. Wapo wenye kazi hiyo.

Kaka yako,
Fabian


Mwamgongo
15 Desemba 1996

Kaka Fabian,

Shikamoo. Tu wazima. Mvua inatuachia mchana, dagaa wanakauka.

Mama mkwe alipoisikia barua yako alicheka: “Kumbe shule yote ile kaka yako alisomea kufumbua samaki midomo!” Mimi sikucheka.

Mtoto anaitwa Eufrasia. Jina nimempa mimi. Mama yake alifia kwenye mtumbwi, na mimi ndiye niliyemfungua mgongoni. Umri wake kama wa Anatoli. Ananyonya kwa nguvu, hilo kweli. Anatoli huvuta mara mbili tatu, akasinzia.

Tangu barua yako, kila nikiwatazama namwona ngogo. Sitaki, lakini namwona. Wewe ndiye uliyesoma. Jumamosi Japhet atamleta Eufrasia, umpokee.

Mdogo wako,
Melania


Bangwe
11 Januari 1997

Mdogo wangu Melania,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa shemeji. Mimi sijambo.

Nilimpokea Eufrasia gatini tarehe 21 na kumfikisha mapokezi mwenyewe. Amekabidhiwa mama mmoja wa Uvira mwenye watoto watatu. Mtoto alilia njia nzima.

Boti tatu zimefika bila barua yako. Japhet anasema unamwamkia tu, unaondoka. Niandikie, hata mistari miwili.

Kaka yako,
Fabian


Mwamgongo
26 Januari 1997

Kaka Fabian,

Shikamoo. Mimi mzima. Anatoli si mzima.

Wewe mtu wa hesabu, nakuandikia kadi yake ya kliniki. Novemba, kilo 4.6. Desemba, siku saba baada ya Eufrasia kuondoka, 4.5. Jana, 4.1.

Sista Rozalia wa zahanati aliniuliza, “Yule mwenzake yuko wapi?” Nikamweleza, na habari ya ngogo nikamweleza. Akavua miwani. “Melania, yule ndiye aliyekuwa anayaita maziwa. Huyu wako hana nguvu ya kuyaita. Yalikuwa yanakuja kwa mwito wa mwenzake, naye Anatoli anakunywa.”

Kaka, nilikuwa nawaweka kila mmoja upande wake. Eufrasia akianza kuvuta, upande wa Anatoli ulidondosha maziwa wenyewe. Nililiona kila siku, sikulijua. Sasa nakamua, napata matone.

Hesabu na hilo.

Melania


Bangwe
30 Januari 1997

Mdogo wangu Melania,

Marahaba, ingawa sikustahili kuamkiwa. Naandika haraka, Japhet anasubiri.

Kuna jambo sikukwambia kwa sababu sikuliona lina uzito. Wapo majike wanaotema mayai. Wameishi na ngogo vizazi vingi mno, wale wasiotema wakawa hawaachi watoto, wakabaki wenye kushtuka upesi. Ila jike hana jicho la kuchagua vizuri humo mdomoni. Mmoja kwenye tangi letu alitema mayai kumi na mawili. Niliyapima: manane yalikuwa yake. Nikaandika kwenye daftari, nikaendelea na kazi.

Jana nilikwenda mapokezi. Eufrasia yupo. Amekonda kwa uji mwepesi, sauti haijapungua. Yule mama wa Uvira alinipa mtoto kabla sijamaliza kusema. Karani ndiye aliyenizuia: “Wewe ni nani wake?”

Nikasema, “Mjomba.” Akaandika, nikatia sahihi.

Jumamosi nakuja nimembeba. Usiache kukamua, hata kwa matone.

Kaka yako,
Fabian


Mwamgongo
2 Machi 1997

Kaka Fabian,

Shikamoo. Nguo ulizosahau nimezifua, Japhet anazo.

Kliniki ya jana: Eufrasia kilo 5.7. Anatoli 4.4. Bado hajafika alipokuwa. Sista Rozalia amesema nisihesabu kilo, nihesabu anavyomeza. Asubuhi hii amemeza mara kumi na nne kabla ya kusinzia, mwenzake akiwa upande wa pili anavuta kama anavuta wavu.

Mama mkwe anauliza Mjomba Ngogo anakuja lini tena.

Mdogo wako,
Mama Anatoli na Eufrasia