Filamu ya Tata Isiende Bila Jina

Lyon, Ufaransa

Mama yangu mpenzi,

Bwakire! Hapo Tabaka mko salama? Na goti lako linasemaje mvua zikinyesha? Mimi ni mzima, ila baridi ndiyo inanionea. Naandika Kiswahili kwa sababu Ekegusii niliacha kukiandika darasa la tatu, na najua ungeyasoma makosa yangu kwa sauti mbele ya wageni.

Jana nilipika mboga za huku nikajidanganya ni chinsaga. Wapi! Nilikula nikiwaza jikoni kwako, mboga zikichemka na maziwa tangu asubuhi, na Tata, marehemu baba yetu, akiingia kutoka machimboni, mweupe kwa vumbi la mawe kama aliyeangukia gunia la unga, nawe ukimfukuza akanawe kwanza. Nimewakumbuka sana, Mama. Nimekumbuka hata mlio wa lile kopo la maji.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Ombati alinipigia simu kwamba kampuni moja ya Marekani inataka kununua filamu yake, ile aliyomrekodi Tata akichonga jiwe lake la mwisho, na kwamba Jumapili wakala wao anakuja na mkataba. Akasema, "Dada, mimi niko tayari. Lakini Tata ni wa Mama. Mama akikubali, nasaini." Akanitumia nami niusome. Nimeusoma, na haunipendezi.

Unajua kazi yangu hapa ni kusafisha filamu kuukuu, kuziondolea mikwaruzo. Majuzi mwenye filamu moja alitaka tuikate iwe fupi na jina la mtunzi litoke. Akaja bibi mmoja na mkongojo wake, binti wa yule mtunzi, ambaye alishafariki. Akasema, "Baba aliuza filamu. Jina lake hakuliuza." Bosi akazima mashine. Nilidhani ni heshima kwa uzee, kumbe ni sheria ya Ufaransa: uza filamu upendavyo, lakini jina lako na umbo la kazi yako haviuziki, na ukifa wanao wanavilinda. Nilikwenda msalani nikalia, nikimfikiria Tata.

Marekani ni kwingine. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa huko, alinieleza huku akitafuna mkate: "Kwetu ukitengeneza filamu kwa kuajiriwa, mbele ya sheria mtunzi ni kampuni iliyokuajiri." Na ndivyo mkataba unavyomwita Ombati, mwajiriwa wao! Yeye aliyeuza ng'ombe wake anunue kamera! Kwetu Kenya filamu ni ya yule aliyepanga mipango ikatengenezwa, yaani Ombati mwenyewe, na hata akiuza, haki ya kutajwa inabaki yake maadamu yu hai. Lakini chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, wameandika kwamba ugomvi wowote utaamuliwa kwa sheria ya kwao. Yaani kesi ya boma letu ikasikilizwe kwa jirani.

Ukishasainiwa wataweza kuikata, na Tata atabaki "mzee mchongaji" tu. Wala hatutaruhusiwa kuionyesha Desemba kwenye ukumbusho wake. Ile shuka tuliyopanga kuitundika ukutani itabaki kuwa shuka.

Sisemi Ombati asiuze. Mcheza kwao hutunzwa, lakini wa kwetu hawakumtunza, acha auze. Ila mwambie wakala kwamba majina ya Tata na Ombati yabaki, sisi tubaki na ruhusa ya kuionyesha nyumbani, na sheria iwe ya Kenya. Tena mtafuteni wakili pale Kisii mjini ausome kwanza. Wakala akikataa, mpe chai aende zake.

Nisalimie mama mkubwa wa Nyansiongo, mwambie maziwa ya huku ni maji. Msalimie mwalimu wa kwaya, na watoto wa Ombati wote, hasa yule mtundu aliyepewa jina la Tata.

Mama, unaikumbuka alama ya Tata? Vile vistari vitatu alivyokuwa akichora chini ya kila kiboko na kila twiga wa jiwe kabla ya kutuletea tusugue? Mnunuzi wa Suneka alisema wateja hawataki mikwaruzo. Basi tukakaa kuzunguka beseni, wewe na msasa, sisi na msasa, tukaviondoa huku tukiimba nyimbo za kanisani. Tata alicheka tu, akasema, "Nitachora vingine." Na kila mara alichora, na kila mara tulisugua.

Juzi nimeona dukani hapa kiboko wa mawe yetu yale ya rangi ya waridi. Niliingia nikamgeuza, nikapapasa chini kwa kidole. Laini kabisa, hakuna kitu. Huenda ni wa Tata, huenda si wake; sitajua kamwe. Tulisugua vizuri mno, Mama. Safari hii tusisugue.

Ni mimi mwanao, niliyekaa upande wako wa kushoto kwenye beseni,

Kwamboka