Kikapu cha Mamake Valary

Chelimo uko? Leo kipindi cha P.E. kimeniacha mdomo wazi.

Mwalimu Robert alileta mchezo wa ushirikiano pale kwa nyasi. Mmoja anabeba kikapu cha kuchumia chai mgongoni, darasa linarusha mipira ya matambara, yeye anakimbia aidake nacho. Mkifika hamsini mmeshinda wote. Mpira ukianguka hata mmoja, mnarudi sufuri.

Kikapu alikileta Valary. Cha mamake! Asubuhi alikuja nacho meno yote nje.

Kipchirchir akasema, "Abebe yeye. Si kwao ni kazi ya ukoo?" Kazi ya ukoo, Chelimo! Darasa likavunjika mbavu. Valary pia akacheka, akidhani ni mzaha.

Mipira ikawa inampata kisogoni. Kila mmoja ukianguka wanamzomea, "Sufuri! Mamako akufunze!" Akaacha kucheka. Lakini kikapu hakukiweka chini, maana alijua watakipiga mateke. Mwalimu naye yuko kwa simu.

Mara ya nne, tukafika arobaini na tisa. Valary akageuka kuangalia nani anarusha wa mwisho. Akaona ni mimi, ninayekaa naye dawati moja. Akatabasamu.

Nikalenga uso.