Shati la Mtoto wa Darajani

Dada yangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu wa mama umepungua uvimbe, na mwanao anang'oka meno bila kelele. Mimi sijambo, ila mgongo, na mgongo wa mshonaji si habari. Ndani ya kifurushi utakuta shati dogo jeupe. Tafadhali usimvalishe mtoto mpaka umalize kusoma.

Unakumbuka mama alinibandika jina la Askari Kanzu tangu nilipomgundua aliyekuwa akilamba sukari. Basi uaskari umenirudia. Hapa tunaposhona sare za shule, kila Ijumaa mchana mashine huzimwa nusu saa, tunasali kwenye meza ya kukatia vitambaa, na mmoja wetu hutoa ushuhuda. Miezi mitatu iliyopita aliletwa mpiga pasi mpya, mwanamke mwembamba, mpole kupita kiasi. Ijumaa yake ya kwanza alisimulia kwamba aliugua miguu miaka mitatu asiweze kutembea, mumewe akamkimbia, naye akampokea Yesu akiwa amelala chali kitandani. Watu walilia. Mimi nilimtazama viatu.

Visigino vilikuwa vimelika sawasawa. Nikajiuliza, mtu wa kulala miaka mitatu asichechemee hata kidogo? Ijumaa nyingine, alipoombwa asimulie tena, akasema miaka minne. Moyoni nikasema, nimekupata! Nikaanza kumchimba. Nilimuuliza alilazwa mwezi gani, akasema amesahau. Nikagundua kila akifika pale mume anapoondoka, sauti humkatika palepale. Tena akisimulia alikuwa ananitazama mimi tu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilimnong'oneza msimamizi wetu kwamba yule anatafuta huruma za watu. Akanijibu nimwachie Mungu. Dada, unanijua, mimi siachi kazi niliyoianza.

Ijumaa iliyopita nikamuuliza mbele ya wote, ni mitatu au ni minne? Hakukasirika. Jumatatu akaja na kadi yake ya hospitali, kuukuu, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya mashine yangu. Nilizisoma tarehe zote: miaka mitatu na miezi saba. Akaniomba radhi kwa kunichanganya. Yeye aniombe radhi mimi!

Kisha akanipa hilo shati. Alisema amelishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa aliyoyaomba kwa msimamizi, kwa ajili ya yule mtoto niliyekuwa nimembeba mgongoni siku ile darajani. Alisema tangu wenzetu walipomsimulia ushuhuda wangu, humwombea kila asubuhi wakati anangoja pasi ipate moto.

Sasa umeelewa, dada. Zamu yangu ilipofika mwaka jana, sikuwa na la kusema. Sijawahi kulewa, sijawahi kuugua. Nimempenda Yesu tangu utotoni, basi. Niliona haya kusimama na kitu kidogo namna hiyo. Nikasimulia yako, ile uliyoniambia jikoni ukaniapisha nisimwambie hata mama: wewe ukingoni mwa daraja na mwanao mgongoni, na yule muuza mboga aliyekushika nguo akaomba mpaka ukashuka. Nilisema ni mimi. Walinikumbatia mmoja mmoja. Walipouliza mtoto yuko wapi, nikasema yuko kwa bibi yake, darasa la pili. Kweli nyani haoni kundule.

Nimejua pia kwa nini mpiga pasi alikuwa ananitazama. Aliamini mimi ndiye pekee mle ndani ninayemwelewa. Naona aibu, dada, hata sindano inanishinda kutunga uzi.

Ijumaa hii nitasimama niseme haikuwa yangu. Jina lako sitalitaja, na daraja lile halitatoka tena kinywani mwangu. Najua nilichokuchukulia hakirudishwi kwa barua. Ukitaka kulikata shati vipande, likate, ni haki yako. Ila ujue mwanamke huyo hajawahi kumwona mwanao, kipimo amekikisia tu, na kwa macho yangu ya fundi naona litamkaa sawasawa.

Msalimie mama, lakini usimsomee. Mtoto mbusu kwa niaba yangu, kama bado unaniruhusu.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Askari Kanzu