Kisahani Chumbani kwa Baba Yenu

Mwanangu wa kwanza,

Hujambo huko? Kazi inakwendaje, na mkeo anakulisha au bado unakonda? Mimi nakula, nagombana na majirani, kwa hiyo ujue ni mzima. Kifua tu ndicho kinanisumbua, nacho ndicho kimenikalisha niandike.

Mdogo wako, yule uliyekuwa ukimwita Kamasi, sasa ndiye anayelinda lile jumba la kale lenye nyaraka na michoro ya ukutani, visiliwe na kuvu. Kila chumba anaacha kisahani wazi chenye kitu kama uji ulioganda. Mbegu za kuvu zinazoelea hewani, ambazo jicho halizioni, zinatua humo na kuota, naye anajua ni chumba kipi kinaliwa. Wakubwa wenye tai wanamsubiri yeye aseme ndipo wafungue mlango! Nimemsimulia jirani yetu mshonaji mpaka akaniomba nimhurumie, ameshasikia.

Basi majivuno yakanituma nimwambie alete visahani nyumbani, aone mama yake anavyolishinda jumba lake kwa usafi. Akacheka, akaweka kimoja sebuleni na kingine chumbani kwa baba yenu. Chumba hicho unakijua. Hukuwahi mazishi, ukaniomba kwenye simu kisiguswe mpaka uje, na koti lake la kazi nikuwekee wewe. Nikakifunga, dirisha sikufungua tena. Hata harufu yake sikutaka itoke.

Cha sebuleni kiliota madoa mawili matatu. Cha baba yenu kilijaa kuvu ya kijani na nyeusi mpaka kwenye kifuniko. Mdogo wako alikitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini siku hizi nalala wapi.

Mwanangu, hilo sikuwaambia. Nalala kitandani kwake, nimejifunika lile koti. Kumbe ile harufu niliyokuwa naivuta nikidhani ni ya baba yenu, ilikuwa ya kuvu.

Mdogo wako alilia sana, halafu akavaa barakoa yake ya kazini. Nikamwambia, wewe unayeponya karatasi za watu hata majina yao hayajulikani, koti la baba yako litakushindaje? Akajaribu. Akalipangusa kwa brashi laini, taratibu kama anaogesha kichanga. Mkono mmoja wa koti ukamchomokea. Ndani kwenye bitana kitambaa kilikuwa kimeliwa chote. Akasema karatasi zile zina chumba chao na mashine zao, tena hakuna mtu anayelala nazo. Na mama, akasema, anaye mmoja tu.

Jumamosi tukachoma godoro, mashuka na koti. Mdogo wako alitaka tukupigie kwanza. Mimi ndiye niliyekataa. Ungesema nisubiri, nami ningesubiri.

Kwa hiyo usimnunie. Kiberiti nilishika mimi, nikasimama pale mpaka vifungo vilipoanza kupasuka motoni. Hapo nikaingia ndani.

Sina tena kitu cha baba yako cha kukupa. Nimekaa na neno hilo siku nyingi nikitafuta namna ya kulilainisha, sikuipata. Njoo hivyo hivyo, baba. Njoo nikiwa bado napumua.

Msalimie mkeo, mwambie nampenda hata chumvi ikizidi.

Ni mimi mama yenu, ninayewaringia wote wawili.