Stempu ya Raja Khetpal na Uso Wangu

Jumatatu, 10 Novemba

Zimefika! Urmila, binti wa dada yangu, karani wa posta yetu, kaniita nyuma ya kaunta nichungulie kabla ya mtu mwingine. Raja Khetpal, mfalme wetu, mchimba ziwa letu — kafa miaka mia tatu iliyopita, leo ni stempu ya serikali! Na uso ni wangu. Raja hakuacha picha hata moja, basi Ghasiram mchora mabango alinikalisha siku tano na kilemba cha harusi. (Siku tatu. Lakini mgongo ulihesabu tano.) Macho yangu, paji langu, sharubu zangu zote mbili. Pua kanibania kidogo. Nimemsamehe.

Urmila kasema nifunge mdomo mpaka uzinduzi, Alhamisi ya wiki ijayo. Nimeapa.

Jioni: nimemwambia kinyozi tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Sujanpura nzima inajua. Kinyozi hana siri!

Kwenye banda la chai nimeeleza jinsi Raja alivyoua chui milia kwa kiatu. Mwaka jana nilisema mmoja. Leo nimesema watatu — serikali haimtolei mtu stempu kwa chui mmoja, tuwe wakweli. Nikawaambia uso huu utafika London, utafika Japani, nami nimekaa hapa nakunywa chai! Watoto wananiamkia, "Ram Ram, Maharaja!" Jirani yangu Phulmati kapaza sauti toka shambani kwake: mfalme mzima, nyati wake wa maziwa kaingia kwenye haradali ya watu, njoo umtoe! Nikaenda. Kwa mwendo wa kifalme.

Jumatano, 19 Novemba

Balaa.

Nimempelekea Urmila laddu, vile vitamu vya duara, nimemkuta anafanya mazoezi. Muhuri wa chuma, mpini wa mbao, kidau cha wino mweusi. Pa! Pa! Juu ya makaratasi. Nikamuuliza, hayo ya nini? Akasema kesho mbele ya Mkaguzi wa Posta atagonga stempu ya kwanza. Wapi? Juu yake. Juu ya nani? "Juu ya Raja, Mjomba. Ndiyo kazi."

Wino mweusi! Usoni! Kijijini kwetu anayepakwa weusi usoni ni mwizi, halafu anapandishwa punda kinyumenyume. Mimi mwenyewe nilimpaka masizi yule mwizi wa mbuzi wa mwaka ule, kwa mkono huu huu. Sasa tumpake Raja? Tunipake mimi?

Nikatoka. Nikapita banda la chai. Labda nilipaza sauti.

Magharibi wazee wa ukoo wameapa kwa maji ya ziwa: Khetpal hapakwi. Chaudhari Harbans, mkubwa wetu, ndiye aliyeapa wa kwanza.

Urmila kaja nyumbani macho mekundu. "Mjomba, huo mdomo wako! Niko kwenye majaribio. Mkaguzi anakuja kuniangalia mimi, si Raja. Nisipogonga, kazi basi." Dada yangu ni mjane, wanakula kwa kazi hiyo. Laddu nilirudi nazo, hazina ladha. Nimekula nne tu.

Alhamisi, 20 Novemba

Naandikia hapa hapa, kwenye meza ya posta. Haraka.

Watu mia tatu uwanjani. Mwenyewe nitakuja kusema elfu, lakini ni mia tatu. Mkaguzi kavishwa maua mpaka masikioni. Urmila kainua muhuri — uwanja ukanguruma. Akasema basi atagonga pembeni, kwenye kona. Chaudhari: "Kona gani? Hicho ni kilemba! Kwenye kilemba ndiko kubaya zaidi!" Mkaguzi akatoa kalamu na kidaftari. Nikaiona ile kalamu.

Sijui miguu ilinifikishaje mbele. Nikavua kilemba, nikainamisha kichwa mezani. Nikasema: Urmila, nigonge mimi. Uso ni ule ule.

Akanigonga. Pa! Hakuwa na huruma hata kidogo.

Nikainuka, tarehe ya leo kwenye paji. Nikapiga kelele: "Masizi hayaandikwi tarehe! Hii ni alama ya heshima, tilaka ya serikali!"

Basi tena! Ghasiram akaja. Kinyozi akaja. Phulmati kasukuma wanaume watatu, kataka katikati kabisa, muhuri usipinde. Mama Rampyari, miaka tisini, kagongwa, kaomba kioo, karudi foleni. Sasa mapaji hamsini na ngapi sijui, wino uko nusu, Mkaguzi anacheka mpaka maua yanamwagika — lakini kidaftari bado kiko wazi, na stempu bado haijaguswa.

Chaudhari peke yake hajagongwa. Kasimama, mikono kifuani. Kasema, haya, tumekubali ni heshima. Ila msichana asimguse Raja. "Uso wake ni wako, Lakhan. Mgonge wewe."

Mkaguzi kakubali: karani ashike bahasha, mzee agonge.

Muhuri ni mzito kuliko nilivyodhani. Uko mkono wa kulia, kwa hiyo naandika kwa kushoto. Kutoka kwenye stempu Raja ananitazama kwa macho yangu. Hapepesi. Nimewaambia ngojeni, niandike kwanza, haya ni mambo ya historia.

Urmila kashika bahasha kwa vidole viwili. Ananong'ona, "Mjomba. Weka kalamu."