Majibu ya Mama Mkwe

Ntoto, tarehe 14 Januari 2024

Mkwe wangu Archange,

Tumsifu Yesu Kristu. Salamu nyingi kwako na kwa mjukuu wangu Mapendo. Habari za afya zenu? Kile kikohozi cha mtoto kimekwisha? Sisi huku Ntoto ni wazima, kwa maana wasio wazima hawaandiki barua.

Najua utashangaa kupata karatasi yangu. Tangu tumzike Généreuse, mke wako na mtoto wangu wa pekee, mimi na wewe tunasalimiana kupitia watu, na ndivyo inavyofaa kati ya mkwe na mama mkwe. Lakini antena ya simu wameichoma, na huko Goma sina mwingine ila wewe.

Unajua niliugua. Ugonjwa gani, unajua pia, na sitautaja mbele yako. Kule Kampala walinikata, kisha wakanipa dawa za mishipa mpaka kichwa kikabaki bila nywele. Desemba nilipita Goma wakaniingiza kwenye mashine ya skana, waone kama ugonjwa umekwisha au umejificha pengine. Daktari wa kusoma picha alikuwa safarini, wakasema nisubiri majibu. Nikarudi kwenye duka langu, na tangu hapo usingizi umenikimbia.

Nikuambie ukweli. Juzi wenye silaha waliingia sokoni wakamkata mapanga Raphaël mchinjaji juu ya meza yake ya nyama, na sisi wote tukalala kifudifudi kwenye matope. Unajua mimi nilikuwa nafanya nini pale chini? Nilikuwa napapasa kwapa langu. Nilihisi kama kijinundu, nikasahau mapanga. Wenzangu wanakimbia risasi, mimi nakimbia karatasi ya hospitali. Nikikohoa, nasema umefika mapafuni. Mgongo ukiuma kwa kubeba gunia la chumvi, nasema umefika kwenye mifupa. Najiona nimekuwa mjinga, lakini siwezi kuacha.

Nenda hospitali uniulizie. Jina ni Kavira, skana ya Desemba. Polycarpe wa pikipiki anayekuletea barua hii atapokea majibu.

Mama wa marehemu mke wako,
Kavira


Goma, tarehe 27 Januari 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote na ninatumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Mapendo amepona kikohozi na ameng'oka jino la mbele. Huku tunasikia mizinga upande wa Sake tangu asubuhi, na darasa langu limejaa wakimbizi, kwa hiyo sifundishi tena.

Nilikwenda hospitali kama ulivyoniagiza. Karani aliniuliza, "Skana ya wapi ku mwili?" Nikamjibu, "Fungula kitabu yako utaona, mie siwezi kutaja." Akacheka sana, lakini akanipa bahasha iliyofungwa kwa gundi.

Sikuifungua, Mama. Sikuiinua hata kwenye mwanga. Niliitia ndani ya mfuko wa plastiki nikamkabidhi Polycarpe mkononi. Barua hii inaifuata nyuma, ameichukua Fifi, yule muuza samaki wadogo wa sambaza wa Shasha, ili ujue kwamba nimefanya yote kama inavyompasa mkwe. Naamini bahasha imekwisha kukufikia.

Mkweo mtiifu,
Archange


Ntoto, tarehe 18 Februari 2024

Archange,

Salamu. Sikuulizi afya kwa urefu leo, nisamehe.

Polycarpe amekufa. Walimsimamisha mlimani juu ya Shasha, wakamuuliza yuko upande wa nani, na kabla hajajibu wakampiga risasi mdomoni. Kisha wakamwagia petroli ya pikipiki yake mwenyewe. Fifi alikuwa nyuma kidogo na kapu lake, akaona yote kutoka kwenye mtama. Mfuko umeungua pamoja naye. Na aibu yangu ni hii: Fifi aliponieleza, kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni kilikuwa, "Na bahasha?" Mtu ameungua, mimi nauliza bahasha. Nililia baadaye.

Sasa niambie, kwa nini hukuifungua? Unaniandikia kwamba hukuiinua hata kwenye mwanga, na unajisifu! Ungesoma mstari mmoja tu, leo ningejua kama naishi au nakufa.

Najua kwa nini. Siku ulipoleta posa nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Hujawahi kula mbele yangu. Tulipokutana njiani, mmoja wetu aliingia shambani mpaka mwingine apite. Nami nilikuwa naringa kwa wanawake wenzangu, nikisema nina mkwe mwenye adabu kuliko wakwe zao. Haya, adabu yetu imeungua juu ya Shasha.

Jana wameingia dukani kwangu. Mmoja alinibana kwenye ukuta akitaka pesa, akasema, "Leta makuta, mama, unayafichaka ku kifua!" Akairarua blauzi yangu kwa mikono miwili. Akaona upande mmoja uko tupu, kovu tu, limekwenda mpaka kwapani. Akarudi nyuma. "Huyu mama iko na nini?" Nikamwambia, "Iko na kitu itakurukia! Kuja, gusa!" Alipogeuka kuwaita wenzake nilichukua jiwe la mizani la kilo mbili nikampiga nalo kwenye taya. Nilisikia mfupa ukivunjika. Wakambeba wakaondoka, wakasema nimerogwa na duka langu limerogwa. Nikacheka, kisha nikatapika mpaka nyongo.

Sikutegemea kumwandikia mkwe mambo haya. Lakini kama mshenzi yule ameliona kovu langu, wewe utashindwa kusoma karatasi? Ziwa. Haya, nimeliandika mimi kwanza. Ziwa la kushoto lilikatwa, na ninaogopa la kulia, na ini, na mapafu, na kila kitu. Rudi hospitali, omba nakala, fungua, soma, uniandikie.

Mama wa Généreuse,
Kavira


Goma, tarehe 20 Machi 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa majonzi ya Polycarpe. Mungu amlaze pema. Sisi tuko salama, ingawa bomu limeanguka kwenye kambi ya wakimbizi na Mapendo sasa hataki kutoka chini ya meza.

Unisamehe nimechelewa. Hospitali imejaa majeruhi wa Sake mpaka kwenye korido, unaruka damu kwenda kwa karani. Mara ya kwanza aliniuliza, "Weye uko nani kwake?" Nikasema, "Mukwe." Akapiga kelele wote wakasikia: "Mukwe anaomba picha ya ziwa ya mama-mukwe! Enda, leta muntu ya famiye!" Nikaondoka na aibu yangu. Niliporudi tena nilisema, "Niko mutoto yake." Akanipa nakala.

Nimesoma, Mama. Majibu ni mazuri. Sehemu ile haina tatizo, na sehemu nyingine hazina tatizo pia. Usiwe na wasiwasi. Nakala nimebaki nayo isije ikaungua kama ile ya kwanza. Nasikia watu wa Ntoto wanahamia Walikale, basi uende nao, upande ule kuna afadhali. Mengine siwezi kuyaweka kwenye karatasi, unielewe.

Mkweo,
Archange


Ntoto, tarehe 14 Aprili 2024

Archange,

Salamu kwako na kwa mjukuu wangu. Mwambie atoke chini ya meza, meza haizuii bomu.

"Sehemu ile haina tatizo." Ndiyo nini hiyo? Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Marehemu mume wangu Muhindo alipougua ini, mimi ndiye niliyetoka kwa daktari, nikamshika mkono nikamwambia majibu ni mazuri, asiwe na wasiwasi. Maneno yako haya haya! Alikufa huku akipanga kununua bati za nyumba. Mgonjwa haambiwi, ndivyo tulivyozoea, na mkwe ndiye mtu wa mwisho wa kumwambia mama mkwe habari mbaya. Kama ningekuwa mzima ungeniandikia kwa furaha, ungetaja kila kitu kwa jina lake. Wewe umepita pembeni, kama ulivyokuwa ukiingia shambani ukiniona.

Sitaki unionee huruma. Mkono wangu hautoki kwenye kwapa, mpaka ngozi imechubuka. Kijinundu leo kipo, kesho hakipo. Nitapata wazimu kabla ya kupata kaburi.

Juzi wamechoma upande wote wa chini wa Ntoto. Walifunga milango kwa nje kwanza. Tuliowatoa tuliwazika wawili wawili kwa kuwa hakuna mwenye nguvu ya kuchimba. Waliobaki wanaondoka kwenda Walikale kupitia msituni, na wananiita niende nao. Nami nikiwa mzima ningekwenda. Lakini kama nina ugonjwa, huko msituni nitaoza bila daktari. Sijui mimi ni nani kati ya hao wawili, na wewe hukunisaidia kujua.

Kwa hiyo nakuja Goma kwa miguu, nipite Shasha, nisome mwenyewe. Usinikataze, utakuwa umechelewa. Fifi anatangulia na barua hii.

Kavira


Goma, tarehe 22 Aprili 2024

Mama,

Simama hapo ulipo! Fifi anarudi leo hii na barua hii, akukute njiani au nyumbani kwake.

Nakala iko mbele yangu na ninaiandika kama ilivyo. Ziwa la kushoto: liliondolewa, kovu limepona, hakuna uvimbe. Ziwa la kulia: safi. Makwapa: safi. Mapafu, ini, mifupa: hakuna kitu. Mwisho daktari ameandika kwamba haoni dalili yoyote ya saratani. Ziwa, Mama. Nimeandika ziwa. Mapendo ananiuliza kwa nini natoka jasho.

Sikukudanganya. Nilishindwa tu kuandika. Naapa kwa kaburi la Généreuse kule Nyamitaba. Yeye pia alikuwa njiani kwa miguu walipomuua, nami nilikuwa pembeni yake sikuweza kitu. Usiimalize njia hiyo, nakuomba. Kaa kwa Fifi, au urudi uwafuate wenzako Walikale. Wewe ni mzima.

Archange


Shasha, tarehe 30 Aprili 2024

Mwanangu Archange,

Tumsifu Yesu Kristu. Mapendo mzima? Na wewe? Barua yako nimeipata kwa Fifi, lakini nilifika hapa nikiwa nimebebwa.

Wenye silaha walitufungia njia, mimi na wasafiri wengine, tulipokuwa tunateremka mlimani. Walitupanga mstari. Mzee mmoja wa Nyamitaba alijibu vibaya, wakampasua kichwa kwa jembe lake mwenyewe, ubongo wake ukaturukia. Hapo watu wakatawanyika na wao wakaanza kupiga. Risasi iliniingia kwenye paja. Nilijiburuta kwenye mihogo, na wanawake wa sambaza wakanikuta wakiwa wanapita. Fifi amenifunga kwa kitenge na maji ya chumvi. Paja limevimba, rangi yake siipendi, na linanuka.

Nimesoma ulichoandika. Nimekuamini, na nikuambie sababu. Mtu ambaye hakuwahi kunywa maji mbele yangu hawezi kuandika ziwa la mama mkwe wake mara zote hizo kwa ajili ya uongo. Ungekuwa unadanganya ungerudia kuwa na adabu. Archange, wamempiga risasi mwanamke mzima! Nilicheka mpaka Fifi akaniziba mdomo, kwa sababu askari wamelala nyumba ya pili.

Nimekasirika pia, usidhani. Nimekaa miezi nikiogopa kitu kisichokuwepo, na huko kukiogopa ndiko kulikonileta kwenye risasi. Wenzangu wameshafika Walikale, wanapika. Ningekuwa nao. Wewe na mimi tumeheshimiana mpaka tumefika hapa, na sijui nikupige au nikuombe radhi. Lakini mkono wangu umetoka kwenye kwapa, na jana nililala usingizi kama mtoto, ingawa paja langu liko hivi.

Sasa njoo. Usitume mtu, njoo wewe, kwa mtumbwi wa injini unaoleta samaki huko Goma. Kutembea siwezi, itabidi unibebe mgongoni mpaka majini, na kifua changu kitakuwa juu ya mgongo wako, upande wenye ziwa na upande wenye kovu. Watu wa Shasha watatazama na watasema. Waache waseme, sisi tutakuwa tunakwenda. Fanya haraka, mwanangu, maana sitaki kufa nikiwa mzima.

Mama yako,
Kavira