Kabula Amesema

Jumatano, jioni

Na bado mwalimu mkuu anasema napoteza muda. "Wakaririshe silabi, mwalimu. Hadithi ziache." Imeniuma, lakini leo siwezi kukasirika sana.

Tulikuwa tunaandika hadithi yetu ubaoni, mimi na darasa la kwanza. Wao wanatunga sentensi, tunatamka sauti moja moja, nami naandika. Leo ilikuwa habari ya ng'ombe aliyezaa njiani akienda kunywa maji lamboni. Kwa makusudi nikaandika "ngombe", nikawaambia wasome. Wakasoma tu, kana kwamba nimepatia.

Kabula akasimama. Tangu shule zifunguliwe hajawahi kutamka neno darasani. Juzi nilimshauri mama yake ampeleke Bariadi mjini akapimwe masikio.

"Mwalimu, hapo umeandika kama ngoma," akasema. Akaja mbele, akachukua chaki, akaweka alama yake baada ya g. "Sasa ni ng'ombe."

Wenzake wakapiga makofi. Mimi nikajifanya nafuta ubao.

Baada ya kazi nilimpitia mama yake kwenye shamba la pamba. "Mwadila, mayu," nikamsalimia mama huyo kwa Kisukuma. "Mtoto anasikia. Anasikia kuliko wenzake."

Akacheka. "Nyumbani kwa Kisukuma hanyamazi, mwalimu! Shuleni anaogopa Kiswahili chake kitachekwa. Basi, Bariadi tusiende?"

"Msiende, mayu."

Nimefurahi. Ila kuna wengine kadhaa wanaokaa kimya pale nyuma, na nilikuwa nimeshaamua kwamba hawajui.